Mbona miksi hukwaruza? Jinsi ya kupima kiwango cha sauti unaporekodi kwenye tarakilishi

ABIRIA anayevuka kivuko cha Likoni na kupanda matatu ya kuelekea Ukunda husafiri kilomita zipatazo 30 akiwa na muziki masikioni, apende asipende. Aghalabu muziki huo huwa ni miksi iliyorekodiwa na DJ wa papo hapo Pwani Kusini, ikatiwa kwenye flashi na kuchomekwa redioni.

Katika safari hiyo moja, abiria huweza kukumbana na kero mbili. Ya kwanza ni taarabu ya zamani kusikika kwa mbali hadi dereva aongeze sauti, kisha wimbo wa bongo fleva unaofuata uwalipukie watu wote garini na mkono wa dereva ukimbilie tena redio ili apunguze. Ya pili ni besi ambayo, ngoma inapokolea, haitoi tena mdundo bali mkwaruzo, kama gunia la changarawe linaloburutwa sakafuni.

Wengi hulaumu spika za matatu. Ukweli ni kwamba mara nyingi kasoro zote mbili huzaliwa siku miksi iliporekodiwa, na spika huzitangaza tu. Habari njema ni kwamba kuziepuka hakuhitaji vifaa vya bei ghali. Kunahitaji kuelewa jambo moja kuhusu sauti ndani ya tarakilishi, na kuwa na subira ya dakika 10 kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Kwa DJ wa Diani, Ukunda au Msambweni, dakika hizo zina thamani. Kati ya Aprili na Juni, mvua za masika zinaponyesha na watalii kupungua, baadhi ya hoteli za ufuoni hufunga milango au hupunguza shughuli. Huo ndio wakati wa kurekodi miksi na kuzisambaza kwa wasimamizi wa hoteli na mabaa kabla ya msimu kurejea. Msimamizi hana muda wa kusikiliza saa nzima. Akisikia mkwaruzo katika dakika ya kwanza, hujiambia kwamba wageni wake watausikia pia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Zipo pia rekodi zisizoweza kurudiwa. Harusi ya Gazi au Vanga haifungwi mara ya pili ili DJ apate kurekodi upya. Wapigaji wa sengenya, ngoma mashuhuri ya Wadigo, wakishakusanya ngoma zao na kuondoka, kilichoingia kwenye tarakilishi usiku huo ndicho kitakachobaki kwa familia.

Sifuri mbili zisizofanana

Chanzo kikuu cha rekodi mbovu ni nambari moja yenye maana mbili: sifuri.

Kwenye mashine ya kuchanganyia muziki, au mikisa kama wanavyoiita madijei, kuna safu ya taa za kupimia sauti. Za chini ni za kijani, zinazofuata ni za manjano na za juu ni nyekundu. Mahali palipoandikwa 0 ndipo mahali pa kazi, yaani kiwango ambacho mashine imeundwa kukitumia kwa kawaida. Sauti inaweza kupanda juu ya sifuri hiyo kwa desibeli kadhaa na bado isiharibike.

Kwenye tarakilishi, sifuri ni dari na juu yake hamna kitu. Tarakilishi huigeuza sauti kuwa nambari, na rekodi ya biti 16, kiwango kinachotumika katika CD, ina ngazi 65,536 tu za kuandikia ukubwa wa wimbi. Wimbi likitaka kupanda kuliko ngazi ya juu kabisa, nambari ya kuliandikia haipo. Tarakilishi hukikata kilele chake na kukiacha kikiwa bapa. Sikio husikia ubapa huo kama mkwaruzo.

Mkulima wa mnazi ataelewa upesi. Mnazi uliokatwa kilele hauchipui tena, hata umwagiliwe maji kiasi gani. Kadhalika, kilele cha wimbi kilichokatwa wakati wa kurekodi hakirudi. Ukiipunguza sauti ya rekodi hiyo baadaye, utapata mkwaruzo ule ule kwa sauti ya chini. Zipo programu zinazokisia umbo la kilele kilichopotea, lakini kukisia si kurejesha.

Mazoea ya kale nayo yamechangia. Enzi za kaseti, mrekodi hodari aliusukuma mshale wa kipimo hadi uguse nyekundu. Alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa kanda ilikuwa na mvumo wake wa chini, mithili ya upepo, uliosikika kila muziki ulipokuwa mdogo. Zaidi ya hayo, kanda ilipozidiwa ililainisha vilele taratibu badala ya kuvikata ghafla. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye tarakilishi huwa sumu.

Aidha, hakuna haja ya kuyafuata. Rekodi ya biti 16 ina takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini, ilhali kaseti ya kawaida ilikuwa na 50 hadi 60 hivi. DJ anayeacha desibeli 6 au hata 12 za akiba chini ya dari bado ana rekodi safi kuliko kaseti yoyote. Akiweza kurekodi kwa biti 24, nafasi ni kubwa zaidi.

Mlango sahihi wa kuingilia

Kabla ya kupima sauti, ni lazima ipitie mlango unaofaa. Hapa ndipo madijei wengi chipukizi hukosea.

Vipakatalishi vingi vya siku hizi vina tundu moja dogo linalotumiwa na vipokea sauti vya masikioni pamoja na maikrofoni yake. Tundu hilo linatarajia sauti hafifu mno ya maikrofoni, inayopimwa kwa sehemu za elfu za volti. Sauti inayotoka kwenye mikisa ni kubwa kuliko hiyo mara makumi kadhaa. Kuipitisha humo ni kama kulielekeza bomba la zimamoto kwenye kikombe cha chai. Isitoshe, tundu hilo kwa kawaida hupokea upande mmoja tu wa sauti, kwa hiyo utamu wa kushoto na kulia hupotea.

Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwa USB. Kadi ya aina ya Behringer UCA202 au UCA222, mathalani, ina matundu mawili ya RCA ya kupokelea sauti, la kushoto na la kulia, na huingia moja kwa moja kwenye nyaya za mikisa. Ni kifaa kisicho na makuu, ila kina jambo moja la kukumbukwa: hakina kidhibiti cha kiwango cha sauti inayoingia. Kwa hiyo kipimo chote hufanyiwa kwenye mikisa. Kadi nyingine zina kidhibiti chao, na hizo humpa DJ uhuru zaidi.

Mikisa nyingi za DJ zina njia zaidi ya moja za kutolea sauti. Ipo njia kuu iendayo kwenye spika za ukumbi, ipo ya spika ndogo za DJ mwenyewe, na ipo iliyoandikwa Rec kwa ajili ya kurekodi. Hii ya tatu ndiyo inayofaa, kwa kuwa katika mikisa nyingi haiathiriwi na kidhibiti kikuu cha sauti ya ukumbi.

Faida ya jambo hilo huonekana usiku. Ufuoni Diani, hoteli nyingi zimepakana na nyumba za kulala wageni, na kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele nchini, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, huwapa majirani pa kulalamikia. Msimamizi akija saa tano usiku na kuomba sauti ipunguzwe, DJ anayerekodi kutoka njia kuu atapunguza rekodi yake pia, na nusu ya pili ya miksi itasikika kama inatoka chini ya godoro. Anayerekodi kutoka njia ya Rec hupunguza ya ukumbi huku rekodi ikiendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Ikiwa mikisa haina njia hiyo, DJ na atumie njia kuu kwa kurekodi, kisha sauti ya ukumbi aipandishe na kuishusha kwenye amplifaya au kwenye spika zenyewe.

Kurekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya spika ni njia ya mkato isiyofika mbali. Simu hunasa mwangwi wa ukumbi, mazungumzo na upepo wa baharini. Vilevile, simu nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe, hivyo muziki huonekana kama unapumua.

Kupanga sauti hatua kwa hatua

Baada ya nyaya kuunganishwa, kazi huanzia kwenye wimbo na kuishia kwenye tarakilishi. Mpangilio huo haufai kugeuzwa, kwa sababu sauti ikiharibikia kituo cha kwanza, vituo vinavyofuata haviwezi kuitengeneza.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wimbo wenye sauti kubwa kuliko nyingine zote zitakazopigwa, na kuucheza katika sehemu yake iliyokolea zaidi, aghalabu kwenye kiitikio. Kupima kwa kutumia mwanzo wa wimbo, ambapo pana kinanda peke yake, ni kujidanganya.

Hatua ya pili ni kuviweka vidhibiti vya besi, sauti ya kati na sauti kali katikati, kama mshale wa saa ulioelekea juu. Kitelezi cha mkondo wa wimbo huo nacho kipandishwe hadi juu. Kisha kidhibiti cha geini kilicho juu kabisa ya mkondo huo kizungushwe polepole hadi taa zake zicheze karibu na sifuri. Taa ya manjano ikiwaka mara moja moja si neno. Nyekundu ikiwaka, geini irudishwe nyuma.

Hatua ya tatu ni kukiweka kidhibiti kikuu mahali ambapo taa kuu nazo zinacheza karibu na sifuri. DJ asisahau kwamba besi ikiongezwa kwenye kidhibiti chake, sauti yote huongezeka, hata kama geini haikuguswa.

Hatua ya nne ni kuifungua programu ya kurekodi. Audacity, ambayo ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka wa 2000 na hadi leo hupatikana bila malipo, inatosha kabisa. Kipimo chake huonyesha nambari zinazoshuka kutoka sifuri. Kiwango kinachofaa ni vilele vya sauti kufika takriban desibeli 6 chini ya sifuri, huku sehemu kubwa ya muziki ikicheza kati ya desibeli 18 na 12 chini ya sifuri. Vilele vikizidi hapo, kidhibiti cha kadi ya sauti kipunguzwe. Kadi isipokuwa nacho, ipunguzwe sauti inayotoka kwenye mikisa.

Hapa pana mtego unaostahili kutajwa. Mikisa iliyozidiwa hadi taa nyekundu zikawaka huwa imeshaiharibu sauti kabla ya kuifikisha kwenye tarakilishi. Sauti hiyo mbovu ikipunguzwa njiani, kipimo cha tarakilishi kitaonyesha desibeli 6 chini ya sifuri na kila kitu kitaonekana shwari, ilhali mkwaruzo umo ndani. Kwa hiyo ni lazima kuvitazama vipimo vyote viwili.

Hatua ya tano ni kuzima misaada isiyoombwa. Mfumo wa Windows huweza kuwa na viboreshaji vya sauti vinavyoongeza au kupunguza kiwango bila kuulizwa. Vyote vizimwe katika mipangilio ya kurekodi. Milio ya ujumbe na barua pepe nayo izimwe, na ikiwezekana intaneti ikatwe.

Hatua ya sita ni kurekodi majaribio ya dakika mbili na kuyasikiliza, kwanza kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha kwa spika ndogo za kawaida. Yakiwa safi, kidhibiti cha kurekodi hakiguswi tena hadi mwisho. Tofauti yoyote kati ya wimbo na wimbo hurekebishwa kwenye geini ya mkondo husika.

Nyimbo mbili zinapokutana

Desibeli 6 za akiba hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Zinatokana na kazi yenyewe ya DJ, ambayo ni kuunganisha nyimbo.

Nyimbo mbili zenye nguvu sawa zikipigwa kwa pamoja, sauti huongezeka kwa takriban desibeli 3. Lakini midundo ya besi ya nyimbo hizo ikiangukiana sawia, jambo ambalo ndilo lengo la DJ hodari, vilele vyake huweza kupanda hadi desibeli 6. Aliyepima kwa wimbo mmoja na kuugusisha darini atakuwa na mkwaruzo kila anapobadilisha wimbo, yaani mahali pale pale anapotaka ustadi wake usikike.

Ndiyo maana majaribio yanafaa kuhusisha nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, ni desturi njema kuipunguza besi ya wimbo unaoingia, kisha kubadilishana: besi ya wimbo unaotoka inashushwa wakati ile ya unaoingia inapandishwa. Kufanya hivyo hulinda kiwango cha sauti na pia huzuia midundo miwili kugombana.

Maikrofoni nayo ina hesabu yake. Mshereheshaji hupimwa kwa sauti yake ya kupaza, si kwa mnong'ono wa majaribio. Harusini, akina mama wakipiga vigelegele karibu na maikrofoni, kilele hupanda kwa ghafla kuliko wimbo wowote. Ngoma zinazopigwa moja kwa moja ni vivyo hivyo, kwa maana wimbo wa studioni umeshabanwa vilele vyake, ilhali ngozi ya ngoma haijabanwa na yeyote. Kwa rekodi za aina hiyo, busara ni kuacha akiba ya desibeli 12.

Taarabu ya jana, bongo fleva ya leo

Kero ya dereva anayeongeza na kupunguza sauti hutokana na historia ya muziki wenyewe. Nyimbo za zamani za taarabu ya Mombasa, na zile zinazoitwa zilizopendwa, zilirekodiwa zikiwa na nafasi kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa. Nyingi zilipita kwenye kanda kabla ya kuingizwa kwenye tarakilishi. Tangu miaka ya 1990, watayarishaji duniani kote walishindana kuzifanya nyimbo zao zisikike kwa nguvu kuliko za wenzao, kwa kuvibana vilele na kuinua kila kitu kilicho chini yake.

Matokeo ni kwamba nyimbo mbili zinaweza kuonyesha kilele kile kile kwenye kipimo, lakini moja ikasikika kuwa kubwa maradufu. Sikio halipimi vilele, hupima wastani.

Kwa hivyo DJ anapotoka kwenye taarabu kwenda kwenye bongo fleva au amapiano, hafai kuzilinganisha taa peke yake. Hana budi kuusikiliza wimbo unaokuja kwenye vipokea sauti vya masikioni, aulinganishe na unaosikika, kisha arekebishe geini kabla haujaingia. Mara nyingi suluhu bora ni kuupunguza wimbo mpya badala ya kuusukuma ule wa kale hadi nyekundu. Programu za madijei kama vile Serato, VirtualDJ, Traktor na rekordbox zina uwezo wa kuzichunguza nyimbo mapema na kukadiria geini ya kila mmoja. Makadirio hayo husaidia sana, ila hayachukui nafasi ya sikio.

Sikio lenyewe lina udhaifu. Baada ya saa tatu karibu na spika, huchoka na kutaka sauti zaidi, na ndiyo sababu miksi nyingi huishia zikiwa na nguvu kuliko zilivyoanza. Ifikapo saa hiyo, taa za mikisa huaminika kuliko masikio. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2022 kwamba sauti katika kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100, na DJ ndiye anayekaa karibu na spika kuliko mteja yeyote.

Kurekodi ndani ya programu

Wanaotumia kipakatalishi na kidhibiti cha USB badala ya mikisa kamili huweza kurekodi ndani ya programu yenyewe, bila waya wowote. Njia hii huondoa matatizo ya nyaya na matundu, lakini haiondoi dari. Taa kuu za programu zikiwaka nyekundu, rekodi huweza kukatwa vilele kama kawaida, hata kama spika za ukumbini zinasikika vizuri.

Programu nyingi huwa na limita, yaani kizuizi kinachobana vilele vinavyokaribia dari. Ni mkanda wa usalama, na hakuna dereva anayeendesha ovyo kwa kuwa amefunga mkanda. Limita inayofanya kazi kila sekunde huufanya mdundo kuwa mlegevu na kuchosha masikio. Pia ichunguzwe kama sauti ya maikrofoni inaingia kwenye rekodi ya ndani, kwani kwenye vidhibiti vingine huenda moja kwa moja spikani bila kupitia programu.

Mvumo, chumvi na stima

Pwani ina maadui wake. Wa kwanza ni chumvi. Hewa ya baharini huzila plagi na matundu ya RCA, na waya uliokaa miezi kadhaa kwenye baa ya ufuoni huanza kutoa mikwaruzo inayofanana na ya sauti iliyozidi. Dalili ya kuvitofautisha ni rahisi: mkwaruzo wa chumvi hubadilika plagi ikiguswa au ikizungushwa, na hutokea hata muziki ukiwa wa chini. Kuzifuta plagi mara kwa mara na kuzihifadhi pakavu huokoa fedha nyingi.

Adui wa pili ni mvumo mzito usiokoma, unaotokana na stima ya mizunguko 50 kwa sekunde inayotumika nchini. Mara nyingi huanza chaja ya kipakatalishi inapochomekwa. DJ na aichomoe kwa muda; mvumo ukitoweka, chanzo kimejulikana. Kuchomeka kipakatalishi na mikisa kwenye soketi za sehemu moja husaidia, na pia vipo vifaa vidogo vya transfoma vinavyowekwa kwenye nyaya za sauti ili kuukata.

Wa tatu ni kupotea kwa stima. Betri iliyojaa huinusuru rekodi, mradi tarakilishi isiwe imepangwa kulala yenyewe. Nafasi kwenye diski nayo ikaguliwe mapema. Rekodi ya WAV ya biti 16 huchukua takriban megabaiti 635 kwa saa moja.

Baada ya kurekodi

Miksi ikishamalizika, jambo la kwanza ni kuhifadhi nakala ya WAV isiyoguswa. Kazi yote ifanyiwe nakala ya pili.

Kisha sauti huinuliwa. Ile akiba ya desibeli 6 iliyoachwa hurudishwa kwa kuipandisha miksi nzima hadi kilele chake kikubwa kifike desibeli 1 chini ya sifuri. Audacity hufanya hivyo kwa amri moja. Desibeli hiyo moja iachwe makusudi, kwani kuigeuza WAV kuwa MP3 huweza kuviongeza vilele kidogo. Sehemu iliyosinyaa, kama vile wimbo ulioingizwa kwa sauti ya chini, inaweza kuinuliwa peke yake kabla ya hapo.

Kwa usambazaji, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huchukua megabaiti 144 kwa saa, na ya kilobiti 128 huchukua 58 hivi. Ya pili ni nafuu kwa anayenunua data kidogo kidogo, lakini matoazi na sauti kali hupoteza ung'avu.

Anayezibana sauti kupita kiasi akidhani miksi yake itasikika kuliko za wenzake mtandaoni anajisumbua. Huduma kubwa kama Spotify na YouTube huzipima nyimbo kwa wastani na kuzishusha zile zinazozidi kiwango chao. Kinachobaki ni muziki uliobanwa usio na nguvu ya ziada.

Suala la haki za wenye nyimbo halifai kusahauliwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kupiga wimbo hadharani na kuunakili ili usambazwe ni mambo mawili tofauti, na kibali cha moja si kibali cha pili. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia sheria hiyo, na ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuuza miksi.

Yote haya yakizingatiwa, DJ wa Ukunda hahitaji studio ya mamilioni ili kazi yake isikilizwe kwa raha. Anahitaji mlango sahihi, akiba ya desibeli 6, nyaya zisizo na chumvi, na majaribio ya dakika mbili. Msimamizi wa hoteli hatajua hata moja kati ya hayo. Atasikia tu kwamba miksi imefika mwisho na hakuna aliyenyoosha mkono kuigusa redio.